Chumba Kimoja cha Vidole Vinne

Leo nimeingia studio na kitu mfukoni, na kwa kuwa redio haina dirisha, itabidi uniamini. Ni glovu mbili zilizofumwa kwa mkono. Ya kushoto inaanza na damu ya mzee pale kwenye kifundo, unafuata mstari wa bluu iliyoiva, kisha kijani cha jani la mgomba, kisha bluu tena, na kwenye ncha ya vidole kuna rangi ya maziwa iliyochoka kidogo. Ya kulia ni hivyo hivyo, mstari kwa mstari. Hilo la mstari kwa mstari liweke akilini, maana ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti.

Kama umesoma shule katika nchi hii, rangi hizo unazijua hata kama umefumba macho. Ni masweta ya shule. Damu ya mzee ya shule moja, bluu ya nyingine, kijani cha wale wa ng'ambo ya bonde. Shule nne au tano ambazo hukutana kwenye michezo ya UMISSETA na kutupiana maneno, hapa zimelala kwenye kiganja kimoja bila ugomvi.

Jambo jingine usiloliona ni kwamba hazina vidole. Gumba lina nyumba yake, lakini vidole vinne vilivyobaki vinaingia chumba kimoja. Sisi kila kinachovaliwa kiganjani tunakiita glovu, basi. Wauza nguo za watoto wachanga ndio pekee wenye jina la karibu, wanasema soksi za mikono, na jina hilo nililikuta limepanda cheo huko Kinampanda, Iramba.

Ilikuwa Julai. Wewe uliyeko Pwani, Julai ni mwezi wa kufungua dirisha upate usingizi. Uwanda wa Iramba ni habari nyingine. Ukitoka Shelui chini kule, gari likaanza kuupanda mlima Sekenke, ukifika juu unapokewa na upepo usiokuwa na adabu. Singida ni mkoa wa upepo, kila mtu analijua hilo. Lakini upepo wa kipupwe saa kumi na moja alfajiri, juu ya pikipiki, ni somo ambalo halisomwi kwenye ramani. Nami nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi, kama mtu aliyepotea akielekea Bagamoyo.

Dereva wa bodaboda aliyenichukua alikuwa amejipanga. Koti zito, kofia ya sufu chini ya helmeti, na mikononi, msikilizaji, alikuwa amevaa soksi. Soksi zile za mpira, mistari miwili juu, ametoboa tundu moja kila upande gumba lipite. Nilicheka. Akaniambia bila kugeuka, "Mzee, vidole vikiganda breki haishikiki." Kicheko kikaniishia hapo hapo, maana tulikuwa tunaelekea mteremkoni.

Nilikuwa nakwenda kumwona shangazi yangu, ambaye anaishi kwa kilimo cha alizeti na kwa kufuma. Sitamtaja jina, atanigombeza. Nilipomwamkia, "Shikamoo shangazi," alijibu, "Marahaba baba, mbona umekuja uchi?" Kwa mujibu wa Kinampanda, mtu asiye na sweta Julai yuko uchi. Nikamsimulia habari za dereva na soksi zake, nikitarajia acheke na yeye. Hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba ya katani, akaumwaga mkekani. Yakabingirika madonge ya uzi, mengine makubwa kama chungwa, mengine kama ndimu, mengine kama kete ya bao.

Uzi ule una historia yake. Desemba na Januari, kabla shule hazijafunguliwa, mafundi wa masweta mjini hawalali. Mashine zinakwenda mbele na nyuma, krr, krr, koni za uzi zinapungua kama mishumaa. Mashine hizo ukizifuatilia ukoo wake utafika kwa Mwingereza mmoja, William Lee, aliyeunda mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Sasa mashine ina tabia moja, haipendi kumalizia. Koni ikibakiwa na uzi usiofika mgongo wa sweta, fundi anaitoa anaweka mpya. Yale mabaki yanatupwa kwenye boksi chini ya meza. Februari shangazi anapita na kuyanunua kwa bei ya kuzungumza. Anayarudisha Kinampanda, anayakunja madonge, anayafungia mfukoni, na uzi unalala mpaka baridi ije iuamshe. Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani hawakuwahi kukutana na nondo. Namsema mdudu anayekula sufu, si nondo wa zege. Lakini uzi huu nondo hana hamu nao, kwa sababu wenyewe ni akriliki, jamaa wa plastiki.

Hapo unaweza kushangaa kwamba Iramba, nchi ya wafugaji, mtu anafuma plastiki wakati kondoo wanapita mlangoni. Mtazame vizuri kondoo wetu. Ana mkia mnene wa mafuta, na mwilini ana nywele fupi zilizolala kama za mbuzi. Sufu ya kusokota hana. Sura ya 31 ya Mithali, inayosomwa sana kwenye siku za akina mama kanisani, inamsifu mwanamke anayeshughulika na sufu, na shangazi yangu huisikiliza kwa heshima zote, kisha anarudi kwenye akriliki yake. Kondoo wa Iramba ni wa mchuzi.

Basi nilidhani ataanza kumfumia dereva glovu pale pale. Nilikosea. Kwa muda wa saa nzima hakugusa sindano. Kwanza alipangusa viganja kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya alizeti, akavifuta tena kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ulikuwa msimu wa kukata vichwa vya alizeti na mikono yenye mikwaruzo hunasa uzi na kuuchana. Kisha akageuza kiti, miguu juu, akachukua donge la kijani na kuanza kulizungusha kwenye miguu miwili ya kiti huku anahesabu. Lilipoisha alikuwa amefika raundi ishirini na nne. Akahesabu kumi na mbili, akakata. Nusu huku, nusu kule. Akafanya hivyo kwa bluu. Akafanya hivyo kwa rangi ya maziwa, ambayo ilitoa raundi saba tu, na ile ya nne akaikata katikati kama anagawa mkate mbele ya watoto wawili wenye macho makali.

Nikamuuliza kwa nini asifume ya kwanza, kisha aone kilichobaki. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tusile mbegu kwanza, kisha tuone cha kupanda. "Mkono wa kushoto ukila wote," alisema, "wa kulia utavaa nini?"

Nami swali hilo lilinigonga mahali. Niliwahi kujaribu kufuma nikiwa kijana, nikiwa nimekaa nyumbani na mguu uliovunjika. Nilitengeneza glovu moja nzuri sana, yenye mistari ya njano. Ya pili ilipofika kwenye vidole njano ikawa imeisha, nikatafuta inayofanana nikaikosa, nikaiacha. Ile moja ilikaa kabatini miaka, haina kazi, kwa sababu hakuna mtu mwenye baridi ya mkono mmoja. Na ulegevu huo haukuwa wa vidole. Nilikuwa nimeanza kufuma kabla sijajua nina nini.

Shangazi ana hesabu yake, na ningependa uichukue hata kama hufumi. Mstari mmoja wa kufuma hula uzi wa kama mara tatu ya upana wa kitambaa. Kiganja cha dereva wetu, ukikizungushia uzi pale penye vifundo vya vidole, ni kama sentimita ishirini. Basi kila mstari unameza sentimita sitini. Donge la mita sita litakupa mistari kumi, yaani upana wa vidole viwili hivi vya rangi hiyo. Ukiwa na hesabu hiyo unaweza kuketi mbele ya madonge yako na kuona glovu yote kabla hujaanzisha kitanzi cha kwanza. Sweta la mtu mzima hula nusu kilo na zaidi, ndiyo maana mabaki hayawezi kuwa sweta. Jozi ya glovu kama hizi haifiki hata gramu mia moja. Kile ambacho kwa sweta ni takataka, kwa mikono ni shibe.

Na kabla ya yote hayo, akatenga uzi wa gumba. Alikata damu ya mzee vipande viwili, akavifunga pembeni kwenye kipini. Anasema wafumaji wengi huishiwa uzi kwenye gumba kwa sababu gumba hufumwa mwisho, kama mtoto wa mwisho anayekuta sufuria imekwanguliwa.

Ndipo akatoa sindano. Ni spoku nne za baiskeli, zimekatwa na kunolewa kwenye jiwe hadi ncha ikawa laini kama ya penseli iliyotumika. Sikiliza, hizi hapa mbili nimeazima. Umesikia? Mlio huo ndio jioni za Kinampanda, pamoja na kikohozi cha ng'ombe. Vitanzi arobaini vimegawanywa kwenye spoku tatu, ya nne inafanya kazi ya kuzunguka. Kwenye kifundo anafuma kitanzi kimoja kwa mbele, kimoja kwa nyuma, mpaka ukingo unavutika na kurudi kama mpira, ili upepo usipande kwenye mkono wa koti. Akifika usawa wa gumba anafuma vitanzi vichache kwa uzi wa rangi tofauti kabisa, uzi wa kuazima, na kuendelea juu kama hakuna lililotokea. Mwishoni anauchomoa ule uzi wa kuazima, tundu linafunguka, vitanzi vinabaki wazi vinasubiri, na gumba linaota hapo.

Kwa nini chumba kimoja? Kwa sababu ile ile iliyowafanya watoto wa zamani walale wanne mkeka mmoja. Kidole kikilala peke yake kwenye chumba chake kinapigwa baridi kila upande. Vinne vikilala pamoja vinapeana joto. Glovu ya vidole vitano ni nzuri kwa kushika kalamu. Ya chumba kimoja ni nzuri kwa kushika uhai. Wenye baridi kali duniani wanalijua hili. Latvia, huko karibu na Bahari ya Baltiki, zamani msichana aliyekaribia kuolewa alifuma sanduku zima la glovu, awagawie wakwe, mawifi na mashemeji siku ya harusi. Fikiria, mwali anapimwa kwa glovu. Na mwaka 2006, NATO walipofanya mkutano wao mkuu Riga, wageni waligawiwa glovu zilizofumwa kwa mikono, maelfu ya jozi. Majenerali na mawaziri wakaondoka na soksi za mikono.

Kuna hadithi nyingine ya huko kaskazini ambayo kwa Kinampanda si ya mbali sana. Wamisionari waliofika Iramba miaka ya 1920, na ambao Kinampanda walianzisha mafunzo ya walimu, walikuwa Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, na kanisa lao hilo liliundwa na wahamiaji, wengi wao Waswidi, mwaka 1860. Huko Uswidi walikotoka babu zao, kaskazini kabisa, kuna kijiji kinaitwa Lovikka. Mwaka 1892 mwanamke mmoja wa pale, Erika Aittamaa, aliombwa afume glovu za kudumu. Akasokota uzi mnene kupita kiasi. Mteja alipoziona hakufurahi, aliona uzi umeharibiwa. Erika akazichukua, akazifua, akazichana kwa brashi mpaka sufu ikasimama kama manyoya ya kifaranga. Zikawa na joto kuliko zote, na mpaka leo glovu za Lovikka ni jina kubwa Uswidi. Nilipomsimulia shangazi habari hii aliuliza jambo moja tu: yule mteja alilipa?

Sasa nifike mahali ambapo mimi na shangazi tunatumia muda mwingi, nako ni mikia. Kila rangi ikiingia inaacha mkia wa uzi, na ikitoka inaacha mwingine. Mistari mitano, mikia kumi. Gumba lina miwili yake. Kwa jozi ni mikia ishirini na minne inayoning'inia kwa ndani. Hapa ndipo watu wa mabaki wanapoharibu kazi, kwa sababu wamechoka, wanafunga fundo na kukata. Sufu ya kweli unaweza kulowesha ncha mbili na kuzisugua viganjani zikashikana. Akriliki haishikani, na fundo lake linateleza. Lazima uchukue sindano butu na kuupitisha kila mkia kwenye vitanzi vya rangi yake, kwenda na kurudi, mpaka upotee.

Kwa dereva wa bodaboda, mkia uliolegea ni kero tu. Kwa mtoto mchanga ni hatari. Nawaomba mama, bibi na shangazi wote mnaofuma seti za watoto, kofia, soksi na glovu, mzigeuze ndani nje kabla hamjamvisha. Uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto, ukakaza, damu isipite. Mtoto analia usiku kucha, mnampa maji ya tumbo, kumbe kilio kiko kwenye kidole. Na jingine: akriliki isikaushwe jikoni karibu na moto. Haiungui kama pamba, inayeyuka na kunata kwenye ngozi.

Pale jirani na kwa shangazi, asubuhi, walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu hupita wakiwa wamekunja mikono kwapani. Wanatoka mikoa yote, na wale wa Tanga na Dar es Salaam unawatambua kwa mwendo. Hawa ni watu wanaofundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vizibo vya soda na maboksi ya katoni, na kazi yao hiyo naiheshimu sana. Ndiyo maana naona ajabu jinsi kufuma kulivyofundishwa shuleni zama zangu. Kwenye shule niliyosoma mimi, kipindi cha kufuma kilikuwa cha wasichana, sisi tukapelekwa kufyatua tofali, kana kwamba wavulana hawana vidole. Na somo lenyewe lilianza na orodha ubaoni: vifaa vinavyohitajika. Uzi mpya gramu kadhaa, sindano namba fulani. Asiyekuwa navyo alitazama. Aliyekuwa navyo alifuma kipande cha mraba, kikawekewa alama, kikabandikwa kwenye daftari. Kipande cha mraba hakimvishi mtu. Shangazi hana orodha. Anamwaga mfuko kwanza, anahesabu, ndipo anaamua kitu kitakuwa nini. Kama ningepewa darasa, siku ya kwanza kila mtoto angekuja na uzi wowote alionao nyumbani, hata wa sweta lililofumuliwa, na kazi ya siku hiyo ingekuwa kugawa katikati. Kufuma kungengoja wiki ya pili.

Nimesema kufumuliwa. Kiswahili kina ukarimu mkubwa hapa. Kufuma na kufumua, kama kufunga na kufungua. Mfumaji akikosea hapasui wala hatupi. Anavuta, vitanzi vinakimbia, uzi unarudi kuwa uzi. Mshona nguo akikata vibaya kitambaa amekata. Sijui kazi nyingine nyingi za mikono zenye msamaha wa aina hiyo.

Glovu zilichukua jioni tatu. Siku ya nne dereva aliitwa, akaja, akavua soksi zake na kuvaa. Akakunja ngumi, akakunjua. Akashika mikono ya pikipiki, akabana breki, akatingisha kichwa kwamba zinateleza kidogo. Shangazi alikuwa ameshaliwaza hilo. Akatoa vipande viwili vya ngozi ya pochi kuukuu, vya kushonea kiganjani. Dereva akafurahi kweli. Kisha simu yake ikaita. Akaitoa, akaigusa kioo kwa kidole cha akriliki. Ikaendelea kuita. Akagusa tena, akasugua. Mteja akakata.

"Mama," akasema kwa unyonge, "sasa simu nitapokeaje?"

Shangazi akanyoosha mkono. "Lete ya kulia." Akaipachua ile ncha yenye rangi ya maziwa, akakamata uzi, akaanza kuvuta. Mistari ikafumuka mmoja mmoja mpaka usawa wa vifundo vya vidole, vitanzi akavidaka kwenye spoku. "Hapa nitakuwekea kifuniko," akasema, "unakifunua unapokea simu, unakifunika unaendesha." Akageukia mkekani akaanza kuchambua madonge, anatafuta kipande cha maziwa kisichozidi urefu wa mkono. Hii ya kulia niliyonayo hapa, msikilizaji, ni ya jozi ya pili, aliyonifumia mimi. Yangu haina kifuniko. Aliniuliza kama nataka, nikamwambia mimi simu nikiwa Kinampanda sipokei.